Rivolva Kubwa: Kabla Hujatoa Pesa

Tangu nirudi Nakuru kutoka Texas, wenzangu wenye leseni ya silaha hawaniulizi habari za Ceska wala Glock, bastola za magazini, kwa kuwa hizo wanazo. Wanauliza kuhusu ile bastola ya silinda, rivolva ya .44 Magnum: je, nilikuwa nayo, na ni kweli inavunja mkono? Nilikuwa nayo, na mkono wangu ni mzima. Wakiuliza kama wanunue, hapo huwa sina jibu moja. Aliye Dallas namwambia jambo moja, aliye Njoro namwambia jingine.

Wengi huchanganya upana wa risasi na nguvu yake. Kichwa cha risasi ya .38 Special na cha .357 Magnum vina upana uleule. Tofauti ni kwamba ile ya Magnum, iliyotoka mwaka 1935, ganda lake ni refu kidogo na shinikizo la baruti yake ni kubwa zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa .44 Special ya mwaka 1907 na .44 Magnum iliyoundwa mwaka 1955, baada ya mfugaji mmoja wa Idaho, Elmer Keith, kuwasumbua watengenezaji kwa miaka mingi akitaka kitu kikali zaidi. Urefu wa ganda uliongezwa makusudi, ili risasi ya Magnum isiingie kwenye bastola dhaifu. Kinyume chake kinawezekana: bastola ya .44 Magnum inapiga .44 Special bila shida, na ya .357 inapiga .38. Shika hilo, maana ushauri wangu mwingi umesimama hapo.

Sasa hesabu. Risasi ya kawaida ya Ceska ina kichwa cha gramu 8 hivi. Ya .44 Magnum ni gramu 15 na nusu, na inatoka kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Uzito karibu mara mbili, mwendo zaidi, na kila nguvu inayokwenda mbele lazima ilipwe nyuma, kwenye kiganja chako.

Kwa hiyo chagua uzito wa bastola kabla ya kuchagua kaliba, yaani aina ya risasi. Wauzaji hawapendi kulisema hili, kwa sababu bastola nyepesi huuzika haraka: mteja anaishika dukani, anaona inakaa vizuri kiunoni, anatoa kadi. Smith & Wesson wa modeli 29, wa chuma na mtutu mrefu, ana uzito wa kilo 1.3 hivi. Kampuni hiyohiyo hutengeneza .44 nyingine ya metali nyepesi yenye takriban gramu 700 tu. Risasi ni ileile. Jirani yangu mmoja kule alikuwa na hiyo nyepesi. Siku moja uwanjani alipiga mbili, ya tatu silinda ikakataa kuzunguka. Tulipoitazama, kichwa cha risasi mojawapo kilikuwa kimetoka nje ya ganda lake kwa milimita chache na kugonga chuma cha mbele. Teke la bastola lilirudisha maganda nyuma kwa ghafla, vichwa vizito vikabaki vilipokuwa, vikachomoka. Watu husifu rivolva kwamba haikwami. Ikikwama hivyo, huifungui kwa kupiga kofi kama unavyofanya na Ceska. Utahitaji vifaa na subira, na mtutu ukae umeelekea shabahani muda wote huo.

Teke lenyewe ninyi mnaliogopa kuliko inavyostahili. Kwa bastola nzito yenye mpini wa mpira, .44 ni msukumo mkubwa unaoinua mikono hadi usawa wa paji la uso, basi. Kinachoumiza ni mpini mwembamba wa mbao, au ule wa mtindo wa zamani wa kicowboy unaojikunja ndani ya kiganja na kuacha ulinzi wa kifyatulio ukagonga kifundo cha kidole cha kati. Mlio ndio unaoharibu watu. Unazidi desibeli 160, kwa hiyo vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, pamoja na miwani. Asiyevaa vizuri huanza kufumba macho kabla ya mlio, na akishazoea kufumba, shabaha imekwisha.

Dawa ya kushtuka ni ya bure. Weka risasi tatu na maganda tupu matatu kwenye silinda, izungushe bila kutazama, ifunge, lenga. Nyundo ikiangukia ganda tupu, utauona mtutu ukiinama wenyewe mbele ya macho yako, na hapo hakuna wa kumlaumu. Rudia mpaka mtutu utulie. Mimi huwashauri watu wafanye hivyo kwa .38 au .44 Special kwa miezi, ndipo waonje Magnum, chache tu, mwishoni mwa mazoezi.

Kuna jambo moja ambalo kwa sisi tuliofundishwa na Ceska ni la hatari hasa. Kwenye Ceska tunanyoosha vidole gumba mbele, kando ya chuma. Kwenye rivolva kuna mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu, na kila risasi inapotoka, gesi ya moto na chembe za risasi hutoka pembeni kupitia mwanya huo. Kwa .38 utaungua. Kwa .500 ya Smith & Wesson, ile iliyotoka mwaka 2003, gesi hiyo inaweza kukata sehemu ya kidole. Kunja vidole gumba chini, kimoja juu ya kingine, nyuma ya silinda.

Na hiyo .500? Inabeba risasi tano tu, na yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo mbili hivi. Nimewahi kuipiga. Huko Texas nilikuwa nikiziona madukani zimerudishwa kuuzwa, zikiandamana na boksi la risasi lililopungua chache. Wamiliki niliowajua waliokaa na bastola kubwa miaka mingi, karibu wote walikuwa na .44 au .357 nzito, na boksi walilofungua kila wikendi lilikuwa la Special. Magnum ilikaa kabatini.

Turudi nyumbani. Mmarekani wa Alaska ananunua .44 kwa sababu ya dubu. Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nyati akikuingilia shambani unapigia simu KWS, shirika la wanyamapori. Inabaki ulinzi wa nyumba. Hebu tazama nyumba zetu. Risasi ya .44 haisimamishwi na mabati ya Kaptembwo wala mbao za Molo. Ikimkosa mwizi itaingia kwa jirani. Ukiipiga ndani ya chumba usiku, bila vizibo, masikio yako na ya watoto hayatakuwa yalivyokuwa.

Halafu kuna makaratasi. Cheti chako kinataja silaha yenyewe na risasi unazoruhusiwa, na unakifanya upya kila mwaka. Kabla hata ya kuomba ruhusa ya kaliba isiyo ya kawaida, pita kwa wauza silaha wenye leseni uulize risasi zake zinapatikana mara ngapi na kwa bei gani. Mzee mmoja wa Njoro, mkulima wa ngano mwenye .38 tangu nywele zikiwa nyeusi, nilipomsimulia habari za .44 alicheka: "Kijana, hiyo si inapasuka kama transfoma ya stima? Mimi hii yangu naiamini kwa sababu risasi zake nazipata." Mzee yule pia ana desturi ambayo wengi wetu hatuna. Mgeni akishiba nyama choma na kuomba "nishike kidogo tu", humjibu kwamba cheti kina jina moja. Yuko sahihi kisheria: kushika silaha bila cheti ni kosa, hata kama mwenyewe amekukabidhi kwa mkono wake.

Kwa hiyo wewe wa Nakuru unayetaka rivolva kwa dhati, omba .357 ya chuma yenye mtutu wa inchi nne, uilishe .38. Kwa wewe wa Marekani, .44 nzito, iliyotumika ikiwezekana, kwa kuwa chuma kizuri hakizeeki haraka. Ukiikagua, hakikisha kwanza haina risasi. Kisha vuta nyundo polepole kwa kidole gumba: silinda inapaswa kujifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho, bila kusaidiwa. Itikise, isicheze mbele na nyuma. Angalia mdomo wa mtutu upande wa silinda. Ukiwa umeliwa au una nyufa, rudisha. Kama muuzaji ana uwanja, ikodi kwanza.

Na ukishaanza kupiga Special kwa wingi, sugua vyumba vya silinda kwa brashi ya shaba kila baada ya mazoezi. Maganda mafupi huacha pete ya masizi mbele yake, na ukija kuweka Magnum baadaye itakwamia hapo. Usiisukume kwa nguvu. Itoe, sugua, ujaribu tena.