Maswali yenu: namba ya 169, simu inayokatika na lile kufuli

Shikamoo fundi. Nina stesheneri Tanga, kompyuta nne. Tatu zinafanya kazi, ya nne imeunganishwa lakini haifungui kitu. Anwani yake ya IP inaanza na 169.254. Je, ni virusi?

Marahaba mama. Si virusi. Kompyuta ikiwashwa huwa haina anwani, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kwa hiyo huita kwenye mtandao wote: nani anagawa anwani hapa? Kwa kawaida ruta ndiyo hujibu, na itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano wanaotumia, huitwa DHCP. Anwani yenyewe hukodishwa kwa muda, labda saa 24, kisha huombwa tena. Kompyuta yako iliita, haikujibiwa, ikajipa namba ya 169.254, ambayo haikufikishi popote nje ya ofisi yako.

Anza na waya. Shika kichwa chake: kile kiulimi cha plastiki kikikatika, waya hukaa kwenye tundu bila kushika vizuri. Kama waya ni mzima, ingia kwenye ruta uone imepangiwa kugawa anwani ngapi. Nimekuta maduka ambako ruta inagawa 20 tu, na simu za wateja wanaosubiri kuchapiwa zimezimaliza zote. Ongeza idadi, na wateja wawekee Waifai yao peke yao.

Kutoka Unguja: Nikimpigia mwanangu Muskati kwa WhatsApp maneno yanakatika, lakini ujumbe wa maandishi haujawahi kufika nusu. Mtandao si ni ule ule?

Mtandao ni ule ule, taratibu za kusafirisha ndizo mbili. Maandishi hupita kwa TCP, kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn waliyoichapisha mwaka 1974. Ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti: kila pakiti ina namba, anayepokea hukiri kuipata, na isiyokiriwa hutumwa tena mpaka ifike. Sauti kwa kawaida hupita kwa UDP, ambayo hutuma na kuendelea bila kungoja jibu. Usiione ya ovyo. Ukisema "hujambo" na "ja" ikapotea njiani, kuirudisha sekunde mbili baadaye, nawe umeshafika kwenye habari za wajukuu, kungevuruga mazungumzo yote. Bora ipotee. Zima video, sogea karibu na ruta, na waliomo nyumbani wasitishe kupakua filamu dakika hizo. Utamsikia vizuri zaidi.

Rafiki kaniambia nikiweka DNS ya 8.8.8.8 bando litakwenda kasi. Kweli?

Hapana. DNS hugeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP. Paul Mockapetris aliibuni mwaka 1983, kwani kabla yake majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa California na kunakiliwa kila mahali. 8.8.8.8 ni seva ya Google ya kazi hiyo. Huenda jina likapatikana upesi kidogo, ila kasi ya kupakua na ukubwa wa bando havibadiliki. Ina faida nyingine: tovuti zote zikigoma, jaribu kuipigia ping, yaani amri ya kuiuliza kama inapatikana. Ikijibu, intaneti ipo, na tatizo huenda ni DNS unayotumia.

Niliona alama ya kufuli kwenye tovuti, nikalipa, nikatapeliwa. Kufuli lina maana gani basi?

Pole sana. Kosa si lako, tumefundishwa vibaya miaka mingi. Kufuli ni alama ya HTTPS: mazungumzo yako na tovuti hiyo yamesimbwa, aliye katikati hawezi kuyasoma. Halisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu. Cheti kinacholeta kufuli hilo hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt, na tapeli hukipata kwa dakika chache kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana Chrome iliondoa alama hiyo kwenye kompyuta mwaka 2023. Soma jina lenyewe: tazama mwisho wake, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina. Jina la benki likiwa mwanzoni, kisha nukta na maneno mengine yasiyojulikana, funga ukurasa.

Nikifuta baruapepe kwenye simu, inapotea na kwenye kompyuta. Kwa nini?

Unatumia IMAP: barua zinakaa kwenye seva, na simu na kompyuta zote zinatazama sanduku moja. Njia nyingine, POP3, hushusha nakala kwenye kifaa. Baki na IMAP, lakini barua unayotaka kuiondoa machoni ihamishie kwenye kumbukumbu (Archive) badala ya kuifuta. Uliyoifuta jana, itafute kwenye pipa la taka la baruapepe leo hii, kabla halijajisafisha lenyewe.