Maswali ya wasomaji: Mfuko wa aproni si benki

Vyuma vimekaza, tunajua. Maswali ya wiki hii yamefanana, kwa hiyo majibu nayo yakifanana msinune.

Nina mtaji wa laki tatu. Biashara gani inalipa haraka? (Kijana, Dodoma)

Hili nimeulizwa mpaka nimechoka. Fanya unayoijua. Kama huijui hata moja, kaa miezi mitatu kwenye biashara ya mwenzio, ufagie na ubebe mizigo huku macho yako wazi. Na anayekuahidi kuizidisha hiyo laki tatu mara mbili kwa wiki, anaitaka hiyo laki tatu.

Nina genge Mbagala. Kutwa wateja hawakauki, lakini alfajiri ya kwenda sokoni sina pesa ya mzigo. Nimerogwa? (Mama wa watoto wawili)

Hujarogwa, mama. Nyumba yako inakukopa na hailipi. Majuzi nilikaa na jirani yangu mwenye genge tangu saa tisa hadi magharibi, nikautazama mkono wake unavyoingia kwenye mfuko wa aproni. Mtoto karudi shule, 500 ya barafu. Mkaa, 2,000. Vocha, 1,000. Mchango wa msiba, 2,000. Mafungu mawili ya nyanya na vitunguu yakaenda jikoni kimya kimya: 1,500. Nikamwambia elfu saba zimeondoka. Akabisha. Tukahesabu upya, ikawa elfu saba ileile. Faida yake ya siku hiyo, ukitoa nauli na ushuru, ilikuwa elfu sita. Ile elfu moja imekatwa kwenye mtaji, na kesho itakatwa nyingine.

Tafuta makopo mawili. Jioni, kabla ya lolote, rudisha kwenye kopo la kwanza pesa ya mzigo uliouzwa, kamili. Faida iende la pili, na humo ujilipe posho, tuseme elfu nne. Ikiisha saa nane mchana, nyumba isubiri kesho. Nyanya za jikoni zilipie kama mteja mwingine. Kinachobaki peleka kibubuni au VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Andika yote, hata kwenye daftari la mwanao lililobakiza kurasa. Na baba watoto umwambie pia. Wapo wanaume wanaochota elfu kumi dukani kwa mke, kisha wanashangaa rafu kuwa nyeupe.

Nimepewa ofa: 100,000 leo, nirejeshe 5,000 kila siku kwa siku 30. Si riba ndogo hiyo? (Fundi cherehani, Morogoro)

Tano mara thelathini, fundi! Utarejesha 150,000. Riba ni nusu ya mkopo kwa mwezi mmoja, na unaanza kulipa kesho, kabla hata gauni la kwanza halijachukuliwa. Ndiyo kausha damu hiyo, na cherehani yako ndiyo itakayobebwa. Anayekukopesha muulize leseni ya Benki Kuu (BoT). Novemba 2024 BoT ilitaja programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Lakini hata leseni haiufanyi mkopo mbaya kuwa mzuri. Ulizia halmashauri: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Inataka kikundi na subira. Hujaniambia wa nini mkopo wenyewe. Kama ni wa kitchen party ya mdogo wako, usinitajie biashara.

Nibadili akiba yangu iwe dola? (Mwalimu, Arusha)

Ada unalipa kwa shilingi, kodi ya nyumba kwa shilingi, unga kwa shilingi. Dola ya nini? Waliokimbilia dola Oktoba 2024 kwa karibu 2,700 waliiona Desemba ikiwa karibu 2,400. Anayeagiza vipuri nje ana sababu. Wewe, mwalimu, huna.

Nimebandika "Leo taslimu, kesho mkopo" lakini bado wananikopa. (Mwenye duka, Tegeta)

Karatasi haijui kukataa. Kataa wewe.

TRA wamenikadiria kodi ya laki moja na mauzo yangu kwa mwaka ni kama milioni sita. Si uonevu? (Kinyozi, Mwanza)

Umewaonesha kumbukumbu za mauzo? Kwa viwango vilivyopunguzwa 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye nazo hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, ambayo kwako ni 60,000. Umeniandikia kwamba hesabu zako "ziko kichwani". Ukienda ofisini kwao, kaka, utamwonesha afisa ukurasa upi?