Chakula cha moto juu ya barafu: kazi yote ifanyie jikoni kwako

Kijana mmoja anayeishi Fargo, kule Dakota Kaskazini, Marekani, ameniandikia kwa uchungu. Ameburuta jiko, sufuria na unga hadi katikati ya ziwa lililoganda, akafungua gesi, moto ukawaka kidogo, ukafifia, ukazimika. Ukilitikisa kopo unasikia gesi imo tele. Siku nzima kashindia karanga. "Kaka, ninyi wa Minnesota mnapikaje kwenye barafu?"

Swali limekuja wakati wake, maana Jumamosi iliyopita nilipika juu ya Ziwa Mille Lacs chakula ambacho bado kinazungumzwa kwenye kundi letu, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Samaki wa nazi, ugali unaofuka mvuke, pilipili ya kukaanga, chai ya tangawizi. Nje ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Harufu ilipotoka, zipu za mahema ya jirani zikaanza kufunguka moja baada ya nyingine, na Wazungu wakasogea wakijifanya wanauliza habari za samaki.

Mille Lacs iko Minnesota, kaskazini mwa jiji la Minneapolis, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Ni ziwa pana, zaidi ya kilomita za mraba 500, ila kina chake si cha kutisha, mita 13 ndiyo mwisho wake. Majira ya baridi juu yake kunaota mji mzima wa mahema na vibanda vya watu wanaovua samaki kupitia matundu kwenye barafu.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Samaki niliwajua kabla ya kujua kusoma. Nilipoanza kazi huku, wenzangu wa zamu walikuwa wakipanga safari za ziwani kila baridi ikikolea. Walialika kila mtu, hadi yule ambaye akila samaki anavimba midomo. Mimi hapana. Nilipouliza, mmoja akasema alidhani watu wa kwetu hatuwezi baridi. Hakusema kwa ubaya, najua. Lakini lilinikaa kooni, na limo mpaka leo. Basi Jumamosi naye alikuwepo, hema la tatu kutoka langu. Akaja na sahani ya karatasi. Akarudi tena na sahani. Nikampakulia, nikamwekea na kichwa cha samaki. Akakitazama, nacho kikamtazama, akakirudisha kwa adabu. Nikakila mimi.

Sasa gesi. Yale makopo membamba ya majiko ya mezani yamejaa butani, na butani ikifika karibu na nyuzi sifuri haigeuki tena kuwa mvuke. Imo kwenye kopo, ni kimiminika tu, haina nguvu ya kupanda kwenye jiko. Propani inaendelea kutoa mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo nunua jiko la mtungi wa propani, ile mitungi minene inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya uvuvi. Chini ya jiko weka kipande cha ubao. Ukiliweka juu ya barafu tupu, joto linayeyusha upande mmoja, jiko linainama, na mchuzi unakwenda kuwalisha waliobaki majini.

Hilo la gesi ndilo watu wote huuliza, na ndilo rahisi kuliko yote. Siri iko nyumbani. Kitunguu kikatie nyumbani. Nyanya zikaangie nyumbani. Tangawizi na kitunguu saumu vitwangie nyumbani. Kule ziwani vidole vikitoka kwenye glavu, dakika chache tu havijui tena kisu ni kipi na kidole ni kipi. Mimi hupika rojo lote Ijumaa usiku: vitunguu, nyanya, bizari, pilipili hoho, tui zito. Likipoa nalimimina kwenye mifuko, linaganda kwenye friza. Ziwani nachana mfuko, natumbukiza tofali la rojo kwenye sufuria, na kazi imekwisha. Usibebe mafuta ya nazi kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, utayachokoa kwa kijiti. Mawese ni yale yale. Nyanya mbichi ikiganda ikiyeyuka ni maji na ganda. Mayai yanapasuka. Boksi la kuhifadhi baridi, lile unalobebea soda wakati wa joto, huku kazi yake ni kinyume: weka ndani vitu usivyotaka vigande.

Muda wa kupika ni saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Walleye, samaki anayesakwa na kila mtu hapa, hula alfajiri na magharibi. Mchana anakuacha ukikodolea tundu. Mchana ni wa perch wadogo wenye mistari, na hao ndio watamu. Mara tu unapomtoa, mpasue. Ukimtupa kwenye theluji ukaendelea na hadithi, utamkuta amekakamaa, mkia umenyooka, magamba yameshikana na barafu, na kisu kinateleza juu yake. Mimi huwa na kindoo cha maji ya ziwa pembeni, samaki anakaa humo mpaka zamu yake. Namkwangua ndani ya hema, chumvi na ndimu (ndimu imekamuliwa nyumbani, nimeshasema), karai likipata moto anaingia. Mafuta yanalia, kioo cha hema kinajaa ukungu, na hapo ndipo unasahau kama uko juu ya maji.

Ugali wengi wanaulizia. Unaweza kuusonga kule kule ukiwa na mwiko wa mti, maana kijiko cha chuma kinanata kwenye ngozi. Lakini mimi nausonga nyumbani alfajiri. Hotipoti naijaza kwanza maji yanayochemka, naiacha dakika kumi, namwaga, ndipo ugali unaingia, na taulo juu yake. Saa sita mchana bado unachoma vidole. Na muule kwenye sinia moja, mmeinamia pamoja. Chakula ukikitandaza kwenye sahani ya mtu mmoja mmoja kinapoa kabla hujamaliza bismillahi.

Hapa sitanii. Nyumbani tunazijua habari za watu wa Njombe na Makete waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Hema la barafuni ni chumba kidogo kuliko vyote hivyo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Mkaa usiingie ndani ya hema, hata kidogo, hata ukiambiwa umeshakolea. Jiko la gesi liwake matundu ya hewa yakiwa wazi juu na chini, na kifaa cha kengele kinachonusa hewa hiyo kiwe kimening'inia. Bei yake haifiki ya chambo cha msimu mmoja. Na kabla ya yote pima barafu: Idara ya Maliasili ya Minnesota inataka barafu safi isiyopungua inchi 4 kwa mtu wa miguu, na inchi 13 kwa pikapu ya wastani. Kuona gari la mwingine limepita si kipimo.

Vijana wetu, niwaambie ukweli. Mnakaa ndani kuanzia Novemba mpaka Aprili, mapazia yamefungwa, simu mkononi, halafu mnasema nchi hii ina upweke. Wenye nchi wako nje! Wanacheka, wanavua, wanakula soseji za kuchemsha ambazo hata paka wa Kirumba, kule Mwanza, angezisusa. Nendeni na sufuria. Acheni pombe kwanza, inapanua mishipa ya ngozi, joto la mwili linatoroka huku wewe unajiona umepata joto. Uji wa ulezi kwenye chupa ya chai unafanya kazi bora zaidi. Na takataka zenu mrudi nazo: tangu 2023 Minnesota ina sheria, ukiacha uchafu juu ya barafu ni faini ya dola 100.

Nimeulizwa pia kuhusu pilau. Kuna bwana mmoja hapa anaapa kwamba aliipika mwanzo mwisho juu ya barafu na ikaiva vizuri. Niliionja. Mchele wa juu ulikuwa mbichi na wa chini ulikuwa mkaa. Pilau ipikie nyumbani.