Maswali na majibu: Tairi la mbele na breki zake

Kwanza niseme hili. Anayeniandikia "fundi, breki zangu mbovu, nifanyeje?" bila kutaja aina ya pikipiki, wala kama ni ya dramu au ya diski, simjibu. Mimi sipigi ramli.

Nina Boxer, niko Gungu, Kigoma. Ringi la mbele lilipinda, nikapata tairi zima la mtumba la pikipiki nyingine. Ekseli inacheza ndani ya beringi. Kijana wa gereji anataka kuizungushia bati la kopo la soda. Ni sawa?

Si sawa, na huyo kijana usimrudie. Soma namba ubavuni mwa beringi. 6301 ina tundu la milimita 12, 6202 ina tundu la 15. Ekseli ya 12 ukiitia kwenye 6202 lazima icheze, na hilo bati litasagika hujafika hata Mwandiga. Usidhani pia kwamba utabadili beringi ukamaliza: 6301 kwa nje ni milimita 37, 6202 ni 35, haiingii kwenye nafasi ya mwenzake. Kama habu yako ya zamani, yaani kitovu cha tairi, ni nzima na ni ya spoku, nunua ringi tupu la saizi yako ulifunge kwenye habu hiyohiyo.

Na hili hukuuliza, lakini lisikie. Ndani ya habu, katikati ya beringi mbili, kuna bomba fupi. Linapotea gereji kila siku na hakuna anayelitafuta. Bila bomba hilo, unavyokaza nati ndivyo unavyozibana beringi ubavuni, zinapata moto na kufa. Halafu unakuja kulalamika kwamba beringi za siku hizi ni feki.

Shikamoo mzee. Nilibadilishiwa tairi la mbele huku Ujiji, breki ni za dramu. Juzi nimebana breki nikiwa na abiria, ile sahani inayobeba breki shuu zinazobana dramu kwa ndani ikazunguka pamoja na tairi, waya ukakatika. Ninunue waya wa aina gani ulio imara?

Marahaba. Mwanangu, umeponea chupuchupu halafu unauliza waya! Waya hauna kosa. Chungulia mguu wa shokapu kwa ndani, upande wa breki: kuna kijino kimetokeza. Kwenye sahani kuna mfereji. Kijino lazima kikae ndani ya mfereji, maana ndicho kinachoizuia sahani isizunguke unapobana. Fundi wako alilichomeka tairi, akakaza nati, akadai hela. Hiyo pikipiki isitoke hapo ilipo mpaka umehakikisha kijino hakijavunjika. Kikiwa kimevunjika, badili mguu wa shokapu. Usichomelee.

Kufunga kwenyewe kunakwenda hivi. Panga kijino na mfereji, hakikisha meno ya spidomita yameingia kwenye nafasi zake kwenye habu, pitisha ekseli, nati ikaze kwa vidole tu. Zungusha tairi kwa nguvu, bana breki, usiachie. Mwenzako akaze nati kwa spana wakati wewe bado umebana. Hapo breki shuu zinajipanga katikati ya dramu zenyewe. Fundi anayekaza nati kwanza ndiye anayekuachia breki inayogusa upande mmoja, halafu anakudanganya kwamba "itajilainisha." Kisha rekebisha waya: kwa pikipiki nyingi za dramu, ncha ya mkono wa breki icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kukamata.

Tairi jipya lina mshale ubavuni. Ni wa nini?

Unaonyesha tairi linakozunguka pikipiki ikienda mbele. Ufuate.

Nabeba madumu ya mawese. Moja lilivuja, mafuta yakaingia kwenye dramu ya mbele. Wenzangu wanasema nizichome breki shuu kwa petroli mafuta yatoke.

Tupa breki shuu, nunua nyingine. Dramu isafishe kwa petroli, futa kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke kisafi. Na madumu yafunge nyuma, vifuniko juu.

Ni kweli breki ya mbele inaangusha? Kijiweni kwetu karibu wote tumeilegeza.

Kila wiki swali hilihili! Ukibana breki, uzito mwingi unakuja mbele na tairi la nyuma linakuwa jepesi. Mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni, na abiria wawili nyuma, breki ya nyuma peke yake itaburuza tairi tu. Kinachoangusha ni kuinyakua ghafla kwenye mchanga au ukiwa umelala kwenye kona. Ibane taratibu ukiongeza, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imesimama wima. Jizoeze asubuhi mahali peupe bila abiria. Kulegeza waya ni ujinga, na hao abiria hamjawaambia.

Niko Kasulu. Nataka kutoa dramu ya mbele niweke diski. Fundi atachomelea kishikizo cha kalipa inayobana diski kwenye shokapu.

Mguu wa shokapu ni alumini, na hicho kishikizo ndicho kitakachobeba nguvu yote ya breki. Kikiachia, kalipa inaingia kwenye spoku. Kama una hela, nunua seti nzima iliyotengenezwa kwa diski: miguu ya shokapu, habu, kalipa, mpira wa oili, na masta silinda inayosukuma hiyo oili. Kama huna, dramu iliyofungwa vizuri inatosha. Ukishafunga diski, oili ni ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, kwa sababu hunyonya unyevu hewani. Ukitia oili ya injini, mipira inavimba. Na tairi likiwa nje, mtoto asiguse mkono wa breki, pistoni zitatoka.

Mimi ni mama, nina bodaboda ninayompa kijana kwa hesabu. Breki shuu za mbele hazijabadilishwa tangu niinunue na bado nene. Nimshukuru dereva kwa utunzaji?

Mama yangu, haziishi kwa sababu hazitumiki. Jioni akileta hesabu, isukume pikipiki kidogo, injini imezimwa, ubane breki ya mbele. Shokapu zisipozama, mwambie aurudishe waya mbele yako, na kesho asitoke kabla hujabana tena.