Mpeni Mgeni Jembe Mapema

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: familia kubwa inapohamia ughaibuni, wenyeji wafanye nini ili ijisikie nyumbani, na je, ni heri iende jiji kubwa au mji mdogo? Jibu langu kwa la kwanza ni fupi: waiombe kitu. Maelezo ndiyo marefu.

Sisi tulikuwa tisa. Baba, mama na watoto saba, mimi nikiwa mkubwa kati ya tuliosafiri. Tulitoka kambi ya wakimbizi Tanzania tukafikia mji mdogo wa Ontario, Kanada, kwa udhamini wa kikundi cha wananchi wa kawaida: mwalimu mstaafu, muuguzi, mkulima na mkewe, na wengine wa kanisa lao. Mbali na wakimbizi wanaohudumiwa na serikali yenyewe, Kanada huruhusu raia na wakazi wa kudumu wajikusanye, hata watano tu, wachange fedha na kuibeba familia kwa kawaida mwaka mzima, kuanzia kodi ya nyumba mpaka kuandikisha watoto shule. Mpango huo ulishika kasi 1979, walipokuwa wakikimbia watu wa Vietnam, Kambodia na Laos. Hadi mwisho wa 1980 walikuwa wamepokewa kama 60,000, zaidi ya nusu wakiwa mikononi mwa wananchi. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa ukawapa watu wote wa Kanada tuzo ya Nansen, ya wanaowasaidia wakimbizi, ambayo kwa kawaida hupewa mtu mmoja au shirika.

Kwa hiyo ukarimu wao una mizizi, na siubezi. Lakini familia ya watu tisa huujaribu ukarimu kwa namna ambayo familia ya watu wanne haiwezi.

Kwanza ni hesabu tu. Hata gari kubwa la familia kule kwa kawaida huwa na viti saba au vinane, kwa hiyo kila safari yetu, iwe ya chanjo au ya kununua viatu, ilitaka magari mawili na madereva wawili. Tena huko Ontario mtoto mdogo haketi hivi hivi: lazima awe na kiti cha kumwinua mpaka atimize miaka 8, au afike kilo 36, au sentimita 145. Nyumba nayo ina kipimo chake cha kitaifa: chumba kimoja kisizidi watu wawili, na watoto wa jinsia tofauti waliofikisha miaka 5 wasilale pamoja. Hicho ni kipimo cha kupangia makazi, hakuna askari atakayekuja kuhesabu vitanda. Ila wenye nyumba walipoambiwa "watu tisa" ndipo walipokikumbuka. Wadhamini wetu walihangaika mpaka wakapata nyumba kuukuu yenye vyumba vitano, ngazi zikilia usiku kucha. Kwa sisi tuliozoea kulala sita chumba kimoja, mdogo wangu wa mwisho alikataa katakata kulala peke yake, na vyumba viwili vikakaa vitupu miezi.

Pili ni lugha, na hapa nina neno na wenyeji wote wa dunia. Katika familia kubwa daima yupo mtoto mmoja anayeshika lugha mbele ya wenzake, na kila mtu humkimbilia. Kwetu alikuwa mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na mmoja. Siku moja alimsindikiza mama kwa daktari, mimi nikifuata nyuma nimebeba mtoto. Daktari akamuuliza mama jambo la kike. Mtoto akamtazama mama, akaitazama sakafu, kisha akajibu yeye mwenyewe, "Hana shida yoyote." Swali lenyewe halikumfikia mama. Nilipopinga kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, muuguzi akachukua simu, akabonyeza namba, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka kwenye spika kwa Kiswahili safi: "Shikamoo mama, mimi ni mkalimani." Mama aliongea siku ile mpaka daktari akatazama saa. Kumbe huduma ilikuwepo pale pale, ila hakuna aliyeona haja ya kuitumia maadamu mtoto anaelewa. Mtoto atafsiri bei ya sabuni. Ugonjwa wa mama yake si kazi yake.

Sasa nije kwenye jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tumeizoea methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi nimeiona upande wa pili: mgeni mwenyewe ndiye analitaka jembe, na mwenyeji mwema ndiye anayemficha. Wadhamini wetu walituambia tupumzike. Walileta nguo mpaka koti moja likawa na mwenzake na mwenzake tena. Fedha za mwezi zilitolewa kwa utaratibu wa risiti, na kila Jumamosi baba, mtu aliyeendesha nyumba yake vitani na kambini, alimwekea mweka hazina risiti za maziwa mezani kama mtoto aliyetumwa dukani. Hawakuwa na nia mbaya; fedha zilichangwa na watu na lazima zihesabiwe. Lakini baba alikuwa anasinyaa mbele ya macho yetu. Na deni lilimkaa kichwani: tiketi za ndege za wakimbizi wengi waendao Kanada si zawadi, ni mkopo wa serikali. Tangu 2018 hautozwi riba, lakini piga hesabu ya tiketi tisa.

Kilichombadilisha ni kiti. Yule mkulima alikuja jioni moja na kiti cha mbao kilicholegea mguu, akakiweka juu ya meza yetu ya jikoni, akamwonyesha baba kwa kidole. Hakuna aliyetafsiri. Baba ni seremala. Alikigeuza miguu juu, akagonga kwenye kiungo kwa ukucha akisikiliza, akanusa gundi ya zamani, akatikisa kichwa kama daktari aliyekuta mgonjwa katibiwa ovyo. Halafu akaonyesha kwa mikono: nataka patasi, gundi, na jiliwa ya kubania. Mkulima alirudi na vyote, na viti vingine vitatu. Kufika majira ya kuchipua baba alikuwa na karakana ndogo katika ghala la yule bwana, na watu wakimletea kazi wakimlipa. Mweka hazina naye, bila kikao chochote, akaacha kudai risiti za maziwa.

Mama alipewa jembe lake baadaye sana, na sababu ya huzuni yake wenyeji hawakuielewa kwa muda mrefu. Walimwona kanuna katika nyumba nzuri. Wao walikuwa wakihesabu tuliofika. Mama alikuwa akimhesabu asiyekuwepo. Dada yetu mkubwa alikuwa ameolewa, na kwa sheria ya Kanada mtoto anayefuata wazazi awe chini ya miaka 22 na hajaolewa wala kuoa. Familia kubwa mara nyingi haisafiri nzima, na wadhamini wafanye vizuri kuuliza mapema, "Nani amebaki?" Muuguzi wa kikundi ndiye aliyeuliza hatimaye. Tangu siku hiyo mama alimpigia yeye kwanza kwa kila jambo, na mwaka uliofuata, kikundi kilipopokea familia nyingine, alimwomba mama aende naye uwanja wa ndege. Mama alijipamba tangu alfajiri.

Kwa mnaojaza fomu sasa, nawasihi: andikeni kila mtoto na kila mwenzi, hata asiyesafiri nanyi. Asiyetajwa anaweza kufungiwa mlango wa kufuata familia baadaye, ilhali aliyetajwa na mwenye sifa ana dirisha la mwaka mmoja tangu mlipofika. Na mjue kwamba Novemba 2024 serikali ya Kanada ilisitisha kwa muda kupokea maombi mapya ya vile vikundi vya watu watano, kwa hiyo msimpe mtu fedha anayewaahidi njia ya mkato.

Swali la pili, jiji au mji mdogo? Mji mdogo una nyumba zenye nafasi, na mwalimu wa mtoto wako utamkuta sokoni akakuuliza hali kwa jina. Hilo ni jema wiki sita za kwanza. Kisha unagundua kwamba mji mzima unajua mdogo wako alifeli hisabati, basi la abiria halipo, na bila leseni ya udereva umefungwa nyumbani. Wazazi wangu hawaondoki pale hata kwa kuvutwa. Baba ana karakana, mama ana watu wake. Mimi na anayenifuata tulihamia jijini kwa ajili ya chuo na kazi, tukabanana chumba kimoja kwa hiari yetu. Mwenye watoto wadogo wengi aende mji mdogo bila wasiwasi. Mwenye vijana wa miaka kumi na minane na kuendelea ajue tu kwamba atawasafirisha mara ya pili.