Hoja Mbili Zinatosha: Maswali Yenu Kuhusu Insha ya Maoni kwa Kiingereza

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: insha ya maoni katika mitihani ya Kiingereza ya ngazi ya juu. Wengi wenu mnajiandaa kwa IELTS, wachache kwa C1 Advanced ya Cambridge. Ili majibu yasielee hewani, tumetunga swali moja la mfano linalofanana na yale ya mtihani, na tutalirudia: "Kuwatunza wazee ni jukumu la familia, wala si la serikali. Unakubali kwa kiasi gani?"

Shikamooni walimu. Nimefanya IELTS mara mbili na alama ya uandishi imegoma kwenye 6. Insha yangu huwa na hoja tano au sita, kila moja na aya yake, kama tulivyozoea sekondari. Nakosea wapi?
Msomaji, Mwanza

Marahaba. Tatizo ni hizo hizo hoja sita.

Mtihani wa sekondari unaosema "eleza sababu sita" huhesabu sababu, na kila moja ina alama zake. Mtahini wa IELTS hahesabu hoja. Ana vigezo vinne, kila kimoja robo ya alama: kujibu swali, mpangilio na muwala, msamiati, na sarufi. Katika kigezo cha kwanza, mwandishi wa bendi (yaani ngazi ya alama) ya 6 ana hoja zinazohusika lakini baadhi hazijaendelezwa vya kutosha. Wa 7 huzipanua na kuzitetea, na msimamo wake unaonekana toka mwanzo hadi mwisho.

Sasa piga hesabu. Insha yenye maneno 280, toa 40 ya utangulizi na 30 ya hitimisho, yanabaki 210. Ukiyagawa kwa hoja sita, kila moja inapata maneno 35, yaani sentensi mbili. Sentensi mbili zinatosha kuitaja hoja, hazitoshi kuitetea. Ukiyagawa kwa hoja mbili, kila moja ina maneno 105, na hapo sentensi tano au sita zinaingia bila kubanana.

Tuseme umechagua hoja kwamba familia peke yake haiwezi kumudu matibabu ya mzee. Mwandishi wa hoja sita huandika hivyo, huongeza kwamba dawa ni ghali, kisha huruka kwenda hoja ya tatu. Wewe kaa hapo, ujihoji kama anavyokuhoji mbishi wa kijiweni. Kwa nini? Kwa sababu maradhi mengi ya uzeeni, kama kisukari na shinikizo la damu, hutibiwa miaka nenda miaka rudi, hivyo gharama yake haiishi. Inaiumizaje familia? Mtoto anayenunua dawa za mama ndiye huyo huyo anayelipa kodi ya nyumba na sare za wanawe. Mfano uko wapi? Zanzibar, tangu Aprili 2016, hulipa pensheni jamii kwa wakazi waliofikisha miaka 70, hata asiyewahi kuajiriwa. Kwa hiyo? Fedha ya serikali haiichukui nafasi ya familia, bali huiachia muda na nguvu za kufanya lile ambalo hakuna ofisi inayoliweza: kukaa na mzee na kumsikiliza.

Jibu la "kwa hiyo?" ndilo linalorudi kwenye swali, na ndilo wengi huliacha. Aya inaishia kwenye mfano, mtahini anabaki kujiuliza mfano ule ulikuja kuthibitisha nini.

Naona ukweli pande zote mbili. Nikikubali nusu nusu, nitahesabiwa sina msimamo?
Msomaji, Tanga

Kukubali nusu kunaruhusiwa. Kinachokuangusha ni ukigeugeu: utangulizi unakubali, aya ya pili inapinga, hitimisho linasema yote ni sawa.

Anayekubali nusu lazima aonyeshe amekata wapi. "Malezi ya kila siku yawe ya familia, matibabu na kipato yawe ya serikali" ni msimamo kamili. "Pande zote zina faida na hasara" si msimamo, hata ukiuandika kwa Kiingereza cha kifalme.

Soma pia maneno madogo yanayofunga swali: pekee, kila, zaidi ya, wala si. Katika swali letu uzito wote uko kwenye "wala si la serikali". Aliyeandika aya mbili nzuri kuhusu kuwapenda na kuwaheshimu wazee hajaligusa, kwa sababu hakuna aliyebisha kwamba wapendwe.

Swali likikutaka ujadili mitazamo miwili na utoe maoni yako, hizo ni kazi tatu. Wengi hufanya mbili, ya tatu wakaibandika kwenye sentensi ya mwisho kabisa. Maoni yako yaingie tangu utangulizi. Kisha aya ya kwanza ieleze mtazamo usio wako kwa haki, ukiuhusisha na wanaouamini, na aya ya pili ieleze ule unaouunga mkono na sababu zake.

Katika insha za Kiswahili nilifungua kwa methali na mwalimu akafurahi. Je, nikiitafsiri methali kwa Kiingereza itanisaidia?
Msomaji, Mombasa

Hapana. Insha ya Kiswahili humvumilia mwandishi apige hodi kwanza. Hii ya mtihani wa Kiingereza inataka uingie na useme kilichokuleta. Utangulizi wake ni sentensi mbili au tatu: ya kwanza inaeleza mada kwa maneno yako, inayofuata inatoa msimamo. Fungulio za kukariri kama "In this modern era" zina kasoro ile ile ya methali, kwamba zingeweza kuwekwa mbele ya mada yoyote duniani.

Unapoieleza mada upya, geuza muundo wa sentensi badala ya kuwinda kisawe cha kila neno. "Elderly people" inaweza kubaki au ikawa "older people", yatosha. Lakini usinakili sentensi nzima ya swali, maana maneno uliyonakili hayahesabiwi kuwa yako.

Mawazo ninayo, sarufi ndiyo inaniangusha, na nikisoma tena siyaoni makosa. Kuna makosa yanayotoka kwenye Kiswahili chetu?
Msomaji, Dodoma

Yapo, na huyaoni kwa sababu kwa sikio la Kiswahili yako sawa kabisa.

La kwanza ni "although … but". Kiswahili husema "ingawa … lakini" na sentensi inatulia. Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya hivyo viwili. La pili ni kumrudia mtenda: "The government it should help". Hiyo "it" ni kile kiambishi "i-" cha "serikali inapaswa", kimevuka mpaka bila pasi. Linatokea zaidi sentensi ikiwa ndefu, pale mtenda na kitenzi wanapoachana kwa maneno kumi hivi.

La tatu ni "he" na "she". Kwetu "a-" humbeba mwanamume na mwanamke pamoja, hivyo bibi anaanza aya akiwa "she" na kuimaliza akiwa "he". Njia rahisi ya kulikwepa kwenye insha za jamii ni kuandika kwa wingi: "older people … they". Insha hizi huongelea makundi, kwa hiyo wingi unakaa vizuri.

La nne linahitaji maelezo zaidi. Kiswahili hakina vibainishi kama "a" na "the", na mwanafunzi anayeogopa kuvisahau huvimwaga kila mahali: "the society", "the poverty", "the education". Maneno haya yanapotajwa kwa ujumla wake hayapewi kibainishi. Ni "education reduces poverty", basi. "The" inarudi pale unapoyafunga kwa kitu mahususi: "the education of girls", "the society we live in". Kwa kuwa mada za kijamii zimejaa nomino za namna hii, kosa hili moja linaweza kujirudia mara kumi na tano katika insha moja.

Kisha kuna madogo madogo: "discuss about" na "emphasize on" (ondoa hivyo vihusishi), "can be able to" (chagua kimoja), na wingi usiokuwepo kama "informations", "advices" na "equipments".

Mbona tunasisitiza yanayojirudia? Bendi ya 7 ya sarufi inataka sentensi zisizo na kosa zijitokeze mara nyingi. Kosa dogo likikaa katika kila sentensi, hakuna iliyobaki safi. Kwa hiyo usikague kila kitu kwa pamoja. Chagua makosa yako mawili sugu, tuseme "the" na "he/she", kisha soma insha kuanzia sentensi ya mwisho kurudi juu ukiyawinda hayo tu. Ukisoma kinyumenyume, maana haikubebi na jicho linaona maneno yalivyoandikwa.

Dakika 40 hazinitoshi. Nizigaweje?
Msomaji, Arusha

Dakika 7 kupanga, 28 kuandika, 5 kukagua. Anayeruka zile 7 hugundua katikati ya aya ya tatu kwamba hoja yake ya pili ni ile ya kwanza iliyobadilishiwa nguo, na dakika za kuirekebisha hana. Katika kupanga, andika msimamo kwa sentensi moja, hoja mbili, na majibu ya "kwa nini" na "kwa hiyo" kwa kila hoja. Mpango usizidi maneno 40.

Kiwango cha chini ni maneno 250. Lenga 270 hadi 290. Ukifika 350 hupati cha ziada ila nafasi zaidi za kukosea. Kwenye kompyuta idadi inaonekana kwenye skrini. Kwenye karatasi, jua mapema mwandiko wako unaingiza maneno mangapi kwa mstari, uhesabu mistari. Na kumbuka insha hii ni sehemu ya pili ya mtihani wa uandishi, na ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza ya maneno 150, kwa hiyo usikubali ya kwanza ichukue zaidi ya dakika zake 20.

Mtahini hawezi kuhakiki takwimu. Kuna ubaya gani nikibuni "asilimia 87 kwa mujibu wa utafiti"?
Msomaji, Muscat

Kweli hatahakiki. Ila takwimu ya kubuni hufupisha aya: mwandishi akishaitaja hujiona amethibitisha, na maelezo yanakufa hapo. Hoja inabaki bila "kwa nini", na alama zako zilikuwa pale.

Swali lenyewe hukuambia utumie mifano ya unayoyajua au uliyoyaona. Tumia ya kwenu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003. Mfano wa aina hii unahitaji nusu sentensi ya kumfahamisha msomaji asiyeijua nchi yako, kisha unaenda moja kwa moja kwenye matokeo. Usiandike "TASAF" (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania) au "bodaboda" bila kueleza ni nini.

Nina msamiati mzito: "plethora", "myriad", "ubiquitous". Bado napata 6.5.
Msomaji, Kampala

Maneno mazito yaliyokaa peke yake hayakubebi. Kinachotazamwa ni yanavyoandamana na jirani zake: "bear the cost", "ease the burden", "meet their needs". Jifunze kitenzi na nomino yake kama pacha. Pacha ishirini za afya, elimu, ajira na mazingira zitakufaa kuliko orodha ya maneno mia.

Mimi nafanya C1 Advanced, si IELTS. Nitumie mbinu hizo hizo?
Msomaji, Nairobi

Uti wa mgongo ni ule ule, masharti yanatofautiana. Insha ya C1 ni ya lazima, maneno 220 hadi 260, na una dakika 90 kwa kazi mbili. Unapewa vipengele vitatu, ushughulikie viwili, na useme kipi kina uzito zaidi na kwa nini. Kosa kubwa ni kuvigusa vyote vitatu kwa uroho, kisha kusahau kuchagua. Kuna pia maoni mafupi ya watu yaliyoandikwa kwa lugha ya mazungumzo. Ukiyatumia, yageuze kwa maneno yako na yawe rasmi. Ukiyahamisha kama yalivyo, sauti ya insha inavunjika katikati.

Nimeandika insha 30 kwa miezi miwili na sioni mabadiliko.
Msomaji, Bujumbura

Insha 30 za mara moja moja ni makosa yale yale mara 30. Punguza idadi. Kwa wiki andika swali moja, mara tatu. Siku ya kwanza andika kwa dakika 40. Siku ya tatu, baada ya kusahihishwa na mwalimu au hata programu ya kompyuta, andika upya aya mbili za kati tu, bila kutazama ya kwanza. Siku ya sita andika yote tena kwa dakika 35.

Masahihisho ya programu yana hila yake: huandika upya sentensi nzima ikapendeza, ukadhani umejifunza. Iombe ikuonyeshe mahali penye kosa bila kukurekebishia, urekebishe mwenyewe. Kisha weka daftari lenye safu mbili, kosa na mara ngapi limejitokeza. Baada ya wiki nne utaona ni makosa mawili au matatu tu yanayokula alama zako, na hayo ndiyo ya kuwinda katika zile dakika 5 za mwisho.