Rafiki yangu wa toka madrasa ni teja, nikimkata napata dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi naishi Temeke, nina mke na watoto wawili. Nina rafiki tumesoma madrasa moja toka tuna miaka 7, sasa hivi tuna 33, na ndo alikuwa shahidi wangu siku ya ndoa. Huu mwaka wa sita anatumia unga, yaani heroini. Nishampeleka soba, nyumba ya kuachia unga, mara mbili karudi kule kule, nishamkopesha mtaji wa mitumba akaula wote, mwezi uliopita kaja home mke wangu yuko bafuni akabeba mtungi wa gesi, wali uko jikoni haujaiva. Mke kasema huyu mtu asikanyage tena hapa. Nimemblok kwenye simu lakini usiku silali, naogopa akifa Mungu ataniuliza. Je kumkata ni dhambi? Nikikutana naye barabarani anaomba jero (mia tano) kwa ajili ya arosto, yale maumivu ya kukosa unga, nimpe? Na mama yake ananiita mwanangu toka zamani, sijui nitamtazama vipi.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Ndugu yangu swali lako nililisoma nikaliacha siku mbili, maana jibu la haraka lilikuwa mdomoni na nikaona hiyo haraka ndo itakuumiza. Na nikiri tu, hapo kwenye wali nilicheka kidogo, halafu nikasikia aibu, kwa sababu mama mwenye nyumba ametoka bafuni anakuta sufuria iko juu ya jiko na mtungi haupo, na aliyeubeba ni mtu aliyekula harusi yake. Pole yake kwanza. Ukimaliza kusoma hapa mwambie shekhe kasema hajakosea kuweka mpaka kwenye nyumba yake.

Sasa tuingie kwenye jambo. Unachanganya vitu viwili na wengi tunavichanganya: usuhuba na udugu wa dini. Usuhuba ni hiari. Sahibu ndo yule anaingia mpaka jikoni, anajua funguo inawekwa wapi, anakaa na siri zako, na hakuna aya wala hadithi inayomlazimisha mtu awe sahibu wa fulani mpaka kufa. Tena tumeambiwa tuchague, Mtume s.a.w kasema mtu yuko kwenye dini ya rafiki yake basi kila mmoja aangalie anamfanya nani kuwa rafiki, hii kaipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na ile ya Abu Musa kwenye Bukhari na Muslim unaijua toka madrasa, muuza miski na mfua vyuma, kwamba wa pili ama atakuunguzia nguo ama utaondoka na harufu mbaya. Wewe nguo imeshaungua.

Udugu wa Uislamu ni kitu kingine, huo haukatiki kwa unga. Na lile neno "kukata udugu" unaloliogopa, lenye onyo kali la kutoingia peponi, ni la ndugu wa damu, yeye si ndugu yako wa damu hata kama mmekula sahani moja miaka 26. Linalokuhusu ni hadithi ya Abu Ayyub, kwamba haifai Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageuka huku na yule anageuka kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Soma vizuri hapo, kilichokatazwa ni kununiana kwa hasira, kukutana Tandika sokoni ukajifanya unaangalia nyanya. Haikusema umrudishie funguo ya nyumba.

Imamu Ibn Abdil-Barr, mwanachuoni wa Andalusia, alipofika kwenye hadithi hii akasema wanavyuoni wamekubaliana kwamba mtu akichelea kuongea na fulani na kuwa naye karibu kutamharibia dini yake, au kutamletea madhara kwenye nafsi yake au dunia yake, ana ruhusa ya kujitenga naye, akaongeza kwamba huenda kutengana kwa uzuri kukawa bora kuliko kuchanganyika kwenye kuudhi. Na Qur'ani yenyewe ina hilo neno, Al-Muzzammil aya ya 10, Mtume anaambiwa ajitenge nao kwa vizuri, na hao walikuwa wanamtukana.

Kwahiyo dhambi hupati. Lakini subiri, usikimbie na hilo moja.

Kuna watu wakisikia mambo ya kuhama wanaleta kisa cha sahaba Kaab bin Malik, kwamba si Mtume mwenyewe aliamrisha watu wasimsemeshe yeye na wenzake wawili, siku 50, kwa kubaki nyuma kwenye safari ya vita ya Tabuk? Ni kweli, na ipo At-Tawba aya ya 118, ardhi iliwadhikia pamoja na upana wake. Ila mimi naona kisa hiki kwa mateja kinatumika vibaya. Kaab alikuwa anatembea sokoni anatoa salamu haitikiwi na moyo unampasuka kwa sababu hana watu wengine, wale ndo watu wake. Teja je? Teja keshahamwa na mtaa mzima kabla yako, msikitini akiingia watu wanaangalia viatu vyao, na anapo kijiwe ambapo akifika anapishwa mahali pa kukaa. Ukimnunia wewe unamsogeza tu huko. Kwahiyo usijidanganye kwamba unamkata "ili ajifunze", hatojifunza chochote. Unajitenga naye kulinda mke, watoto na akili yako, hiyo ni sababu halali kabisa na inatosha, hauhitaji kuipamba.

Na huku unajitenga ulimi wako uushike. Zama za Mtume alikuwepo bwana mmoja anaitwa Abdullah, watu wamempa jina la utani Himar, yaani punda, alikuwa anamchekesha Mtume s.a.w. Na alikuwa mlevi, keshapigwa fimbo kwa pombe, akaletwa tena siku nyingine akapigwa tena, mtu mmoja pale akasema Mungu amlaani, mara ngapi analetwa huyu! Mtume akamkataza, akasema msimlaani, wallahi ninachojua ni kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Ipo Bukhari, kaipokea Sayyidna Umar. Adhabu haikufutwa na heshima yake haikufutwa. Mambo ya mtungi na mtaji usiyageuze stori ya saluni, anayemsitiri Muislamu Allah atamsitiri. Isipokuwa mtu akikuuliza kwa shida ya kweli, mfano anataka kumweka dukani kwake, hapo mwambie ukweli kiasi cha haja yake na uishie hapo, Fatima bint Qays alipotaka ushauri wa wachumba Mtume alimtajia kasoro zao waziwazi.

Sasa hiyo jero. Usimpe. Al-Maida aya ya 2 inakataza kusaidiana kwenye dhambi, na wewe unajua kabisa hiyo hela inaenda wapi, haifiki hata kona ya pili. Lakini usimwambie anaigiza. Arosto si maigizo, mtu anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinatoka vyenyewe, tumbo linakata, mifupa inauma, vinyweleo vinasimama kwenye jua la saa saba. Unga ukishamwingia mtu mwilini, masaa machache tu mwili unadai tena, ndo maana siku nzima anazunguka, asubuhi kakuomba nauli, mchana dawa ya mtoto ambaye hana.

Mpe chakula. Tazama An-Nisaa aya ya 5, msiwape wasiojimudu mali zenu, halafu papo hapo ikasema walisheni na wavisheni na muwaambie maneno mazuri. Aya asili yake inahusu usimamizi wa mali, ila adabu yake inatufaa. Nenda naye kwa mama ntilie, mlipe mama wewe mwenyewe, yeye ashike sahani. Usiweke hela mkononi mwake hata akilia, na atalia, na kama huna muda wa kusimama naye basi mpe salamu upite, hilo nalo linatosha.

Kuhusu kupona, soba umejaribu, je dawa ya methadoni mmejaribu? Mbona hujaitaja, na wewe uko Temeke pale pale. Ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaja Mwananyamala halafu Temeke, mtu anakwenda kila siku anakunywa mbele ya muuguzi, inamshikilia kama siku nzima arosto isimpate, sasa akili inapata nafasi ya kufikiria kitu kingine zaidi ya kete ya unga. Kuna ndugu wananiambia shekhe huo si unga wa serikali tu? Hapana bwana. Unga ni haramu hilo halina mjadala, hii ni dawa inatolewa na daktari kwa kipimo kwa mtu aliyekwama, na Mtume kasema jitibuni. Wapo waliokaa nayo miaka wanafanya kazi, wanaswali, wengine wanashushiwa dozi polepole. Wengine wamerudi kijiweni pia, sikufichi.

Sasa namna ya kumalizana naye. Kumblok si kuachana kwa uzuri, huko ni kutoroka, na nadhani ndo kinachokunyima usingizi. Mfate asubuhi, si kijiweni na si wakati kalewa anasinzia kasimama mpaka pua inakaribia magoti, wala si wakati arosto imemshika. Kuna kisaa kidogo hapo katikati anakuwa mtu, wewe unakijua baada ya miaka sita. Nenda na mtu mzima mmoja anayemuheshimu. Mwambie kwa mdomo wako: nyumbani kwangu usije tena, hela sikupi wala sikukopeshi, siku ukitaka kwenda kliniki nipigie saa yoyote nakupeleka mimi. Basi. Usihutubu, aya zote hizo anazijua, mlihifadhi pamoja. Akitukana nyamaza, akiomba msamaha mwambie nimekusamehe lakini nyumbani bado huji. Hivyo vitu viwili vinakaa pamoja vizuri tu. Halafu mfungulie simu, usipokee kila saa, ila iwepo.

Baada ya hapo zinabaki haki za Muislamu kwa Muislamu, salamu uitikie, akiugua umtembelee, akifa umzike. Na dua. Sayyidna Umar alimkosa bwana mmoja wa Sham, akaambiwa huyo kazama kwenye pombe, akamwandikia barua ya mwanzo wa suratu Ghafir, Mwenye kusamehe dhambi na kupokea toba, na akawataka wenzake wamuombee, akawaambia msiwe wasaidizi wa shetani dhidi ya ndugu yenu. Yule bwana akaisoma barua analia, akaacha.

Hofu yako kwamba akifa utaulizwa. Mtume s.a.w alikaa kitandani kwa Abu Talib mpaka mwisho, ami yake aliyemlea, na ikashuka Al-Qasas 56, hakika wewe humwongoi umpendaye. Sasa wewe ni nani mpaka uongozi wake uwe mfukoni mwako? Utaulizwa vile unavyoviweza. Mfano siku ukimkuta amelala chini pumzi inakoroma na inakuja kwa mbali, midomo imebadilika rangi, hapo mambo ya mtungi yanaisha, unatafuta bajaji unampeleka hospitali mbio. Na kingine mwambie, akitoka soba au rumande kakaa muda bila kutumia, mwili umeshasahau, akirudi na kipimo kile kile cha zamani ndo wengi wanafia hapo. Kumwambia hivyo si kumfundisha unga, ni kumlinda roho mpaka siku ya toba yake.

Deni la mitumba na mtungi ni haki yako, ukisamehe una malipo yako kwa Allah na usiposamehe hujadhulumu mtu, ila usikae unalidai kila mnapokutana kwa sababu atalipa kwa kumuibia mwingine.

Mama yake usimhame. Huyo bibi ana msiba ambao haujatangazwa, mwanawe yuko hai na anamlilia, na nakuhakikishia marafiki wote waliomkimbia mtoto wamemkimbia na yeye. Mtume s.a.w alikuwa akichinja mbuzi anawapelekea marafiki wa Khadija, na Khadija keshafariki. Wewe mwenzio yuko hai. Nenda Ijumaa hii baada ya swala na huyo mkeo kama ataridhika, beba sukari kilo mbili na mchele, kaa hata nusu saa, na umwambie wewe mwenyewe kwamba mwanae umemwambia asije nyumbani, asije akayasikia kwa jirani. Atauliza kwani kafanya nini. Mwambie mama, tumuombee dua. Mtungi usiutaje.

Wallahu aalam.